Tandiko la Kulalia Shambani: Chagua Bitana Inayozuia Maji

Mpunga wako umeanza kutoa masuke. Usiku nguruwe mwitu wanakuja. Itakubidi ulale shambani, dunguni au chini kabisa, mpaka siku ya mavuno. Wakulima wa bonde la Kilombero wanaijua sana kazi hii.

Je, utalalia nini? Watu wengi huchukua tandiko la viraka. Khanga kuukuu, mashati yaliyochanika na vipande vya blanketi hushonwa pamoja, tabaka juu ya tabaka. Tandiko la namna hii huitwa pia mfarishi. Lina joto na gharama yake ni ndogo. Lakini ukilitandika juu ya udongo hunyonya maji. Ardhi ina unyevu hata kama mvua haikunyesha. Alfajiri umande nao huongeza. Unaamka mgongo umelowa. Tandiko likikunjwa likiwa na maji, baada ya siku chache huota ukungu, halafu huoza.

Dawa yake ni kulitia bitana, yaani kitambaa cha upande wa chini, inayozuia maji. Lakini bitana ipi? Hapo ndipo watu hupoteza fedha zao.

Nianze na kosa langu mimi Bwana Shamba. Nilinunua plastiki nyembamba, nikalishonea tandiko langu chini na juu. Nilijiona mjanja. Usiku wa kwanza nikalowa kuliko mwenzangu aliyelalia majani. Maji hayakutoka ardhini. Yalitoka mwilini mwangu! Mtu akilala hutoa jasho na mvuke usiku kucha. Mvuke ukigusa plastiki yenye baridi hugeuka maji, kama unavyoona chini ya mfuniko wa sufuria. Kwa hiyo, upande wa chini tu ndio uzuie maji. Upande wa mwili uwe kitambaa cha pamba.

Sasa twende dukani. Plastiki nyembamba ni rahisi kwa bei, lakini miiba huitoboa na jua huifanya ikatike. Turubai nene ni imara sana, ila ni zito kulibeba kila siku. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi, nacho huzuia umande, lakini maji hupita ukikilalia. Mimi hupendelea kitambaa cha meza, kile chenye plastiki upande mmoja na nyuzi upande wa pili. Kinashoneka vizuri, na plastiki yake haichaniki upesi kwa sababu imeshikwa na nyuzi. Plastiki itazame chini.

Mifuko ya sandarusi je? Ifungue, uinue juani. Ukiona vitundu vya mwanga kati ya nyuzi, maji yatapita hapo. Mfuko uliokuwa na dawa ya wadudu, au mbegu zilizotiwa dawa, usiutumie kabisa hata ukiufua mara kumi. Utaulalia usiku kucha, na pengine mtoto ataulalia mchana.

Kabla ya kununua, omba kipande kidogo ukijaribu. Weka karatasi kavu chini, kipande juu yake, kisha mimina maji kidogo. Usitazame tu. Kandamiza kwa kiganja kwa nguvu, uhesabu mpaka 100. Maji yanaweza kutulia juu ya kitambaa bila kupita, lakini uzito wa mtu huyasukuma. Inua uangalie karatasi. Kama imelowa, rudisha kitambaa.

Na kama huna fedha za kununua? Tumia merikani, kitambaa kile cha pamba ambacho babu zetu walikiita hivyo kwa sababu kililetwa kutoka Marekani. Kisugue kwa nta ya nyuki mpaka kienee. Weka karatasi juu, upitishe pasi ya mkaa yenye moto wa kiasi. Nta itayeyuka na kuingia kati ya nyuzi. Hakitazuia dimbwi la maji, lakini kitazuia umande na unyevu wa kawaida. Usikifue kwa maji ya moto, nta itatoka.

Ushonaji nao una mambo yake. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kwa hiyo usishone bitana katikati ya tandiko. Shona kwanza viraka vyote mpaka tandiko limalizike, ndipo utie bitana. Tandiko likiwa futi 6 kwa futi 4, kata bitana ya futi 6 na inchi 4 kwa futi 4 na inchi 4. Utapata inchi 2 za kukunja kila upande. Pindo lije juu, ushone hapo juu, ili matundu yasiguse ardhi. Usitumie pini, shikiza kwa mawe. Piga mishono mirefu kidogo. Matundu yakikaribiana mno, plastiki huchanika kama stakabadhi kitabuni. Uzi upake nta.

Upande wa miguuni usiushone. Tia vikamba vya kufunga na kufungua, ili mchana upepo upite ndani ukaushe mvuke wa usiku.

Jihadhari na moto. Plastiki ikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi, na nta huwaka kama mshumaa. Tandiko likae mbali na moto, mahali ambapo cheche hazifiki. Ukiwa dunguni, usiwashe moto chini yake.

Asubuhi fungua vikamba, ulianike kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huharibu plastiki. Jioni likiwa kavu, lichukue pamoja na chandarua.