Somo wa Pampu Ndani ya Hamira

Jumamosi moja jikoni kwetu Kingsbury nilikuwa nakoroga hamira ya maandazi, binti yangu anayesomea A-level amekaa mezani na kitabu cha baiolojia. Akaniuliza: "Mama, kimeng'enya chenye vipande vingi, vipande vinajuaje pa kukaa?"

Nikajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, kisha nikanyamaza. Sekondari kwetu Tanga baiolojia tulifundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili sikuwa na pa kuanzia. Iliniuma. Mtoto akiona lugha ya nyumbani inatosha kwa chai na maandazi tu, siku moja ataacha kuniuliza. Nikachukua wiki mbili kusoma, na jibu likatoka kwenye bakuli lile lile.

Hamira ninayonunua Kingsbury Road, kwa mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu na ambaye bado ananisalimia "Shikamoo mama" kwa utani, ni chachu ya jamii ile ile wanayoitumia wanasayansi maabara. Ndani ya kila seli yake kuna kifuko kiitwacho vakuoli, na kwenye utando wa kifuko hicho kuna kimeng'enya kinachoitwa V-ATPase. Ni pampu. Inavunja ATP, yaani nishati ambayo seli imeiweka tayari, na kwa nguvu hiyo inasukuma asidi kuingia ndani ya kifuko.

Pampu hii ina aina zaidi ya kumi za vipande vya protini, katika nusu mbili. Nusu moja imezama kwenye utando. Nyingine imekaa nje yake: vipande sita, vya aina mbili, vimepangwa kwa kupishana kama vipande vya chungwa, na katikati unapita mhimili unaozunguka.

Vinajuana kwa maumbo. Uvimbe wa huyu unaingia kwenye bonde la yule, chaji chanya inakutana na hasi, na sehemu zinazokimbia maji zinajificha pamoja. Lakini ndani ya seli kuna msongamano kama Kariakoo siku ya sikukuu, na kipande kinaweza kunasa kusikostahili. Ndiyo maana nusu ya kwenye utando haijengwi bila wasaidizi. Miongoni mwao wamo Vma12, Vma21 na Vma22. Hakuna hata mmoja wa hawa watatu anayebaki ndani ya pampu iliyokamilika. Vma21 ni kama somo wa harusi: anamsindikiza mwari mpaka kituo kinachofuata, anamwacha hapo, kisha anarudi kumshughulikia mwari mwingine.

Binti yangu alicheka hapo. Somo anamjua, maana alimwona kwenye harusi ya shangazi yake.

Kilichonishangaza mimi ni sukari. Mwaka 1995, Patricia Kane, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba chachu ikinyimwa glukosi, pampu nyingi zinaachana nusu kwa nusu ndani ya dakika 5 hivi. Vipande haviharibiki. Glukosi ikirudi, nusu zinaungana tena upesi bila seli kutengeneza protini mpya, zikisaidiwa na kundi jingine la protini liitwalo RAVE. Inadhaniwa kwamba seli inabana matumizi ya ATP wakati wa njaa. (Mapovu ya hamira, tusichanganye, ni kazi ya vimeng'enya vingine.)

Na sisi tunayo pampu ya ukoo huo huo, kwenye figo, mifupa na misuli. Hata msaidizi Vma21 tunaye, na jeni lake limepewa jina la yule wa chachu. Mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba hitilafu katika jeni hilo husababisha ugonjwa uitwao XMEA. Jeni liko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaougua ni wavulana, na mama anayewapa kwa kawaida mwenyewe haugui. Vipande vya pampu ni vizima, ila somo ni haba. Pampu zinazokamilika zinapungua, asidi haitoshi, taka za seli hazisagwi vizuri, na polepole mapaja yanaishiwa nguvu. Kusimama kutoka kwenye kiti kunakuwa kazi.

Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na somo anajuaje kurudi?"

Safari hii nilikuwa tayari. Mkiani mwa Vma21 kuna asidi amino mbili za laisini, zimekaa pamoja, na hizo ndizo zinazosomwa ili arudishwe. Watafiti walipozibadilisha, somo alipitiliza mpaka kwenye vakuoli, na pampu hazikuundwa sawasawa.

Aliandika hayo pembeni ya kitabu chake, kwa Kiswahili. Unga ulikuwa umeshafurika bakuli.