Binti Yetu Kericho: Njia Ndefu ya Kuwa Daktari wa Familia

Asubuhi ile barua ilipofika nyumbani kwa kaka yangu, Mji wa Kale, Mombasa, mahamri yalipoa mezani bila ya kuguswa. Binti yake alikuwa amemaliza miaka sita ya masomo ya udaktari, na sote tulikuwa tukimuomba Mwenyezi Mungu apangiwe hospitali ya hapa hapa pwani kwa mwaka wake wa uanagenzi. Badala yake alipangiwa Kericho, zaidi ya kilomita 700 kutoka nyumbani, katika nchi ya baridi na mashamba ya chai.

"Kericho kuna nani wetu?" aliuliza bibi yake.

Kaka yangu hakujibu. Alichukua kofia yake akatoka, na nyumba nzima ikajua kwamba jibu lake ni la.

Naandika kisa hiki kwa idhini ya binti mwenyewe, kwa kuwa naamini swali lile lililoulizwa juu ya meza ile litaulizwa katika nyumba nyingi za wasomaji wetu. Mabinti zetu wanasoma, alhamdulillahi, na wanafaulu. Lakini elimu ya udaktari haiishi siku ya kuvaa joho, na mara nyingi hatua inayofuata iko mbali na mlango wa mama.

Hatua za safari

Kwanza tuifahamu njia yenyewe. Mwanafunzi aliyefaulu vyema mtihani wa kidato cha nne, hasa katika masomo ya sayansi, husomea shahada ya udaktari na upasuaji kwa takriban miaka sita. Baada ya hapo hutumikia mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa. Mwaka huo hugawanywa katika nguzo nne: magonjwa ya watu wazima, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Kila nguzo huchukua kiasi cha miezi mitatu. Akimaliza salama, ndipo Baraza la Madaktari, KMPDC, humsajili kuwa daktari kamili.

Mwaka huo si mwepesi. Mwanagenzi ndiye anayeamshwa usiku wa manane, ndiye anayetoa damu, anayeandika majalada, na anayesimama mbele ya daktari bingwa asubuhi kueleza hali ya kila mgonjwa. Hata malipo yake yamekuwa na mvutano. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma nchini waligoma kwa siku 56, na miongoni mwa hoja kuu ilikuwa haki za hawa wanagenzi. Mzazi ayajue haya mapema, asije akadhani mtoto wake anastarehe huko aliko.

Wengi huishia hapo, wakafungua zahanati au wakaajiriwa, na hao ndio tunaowaita madaktari wa kawaida. Lakini ipo njia nyingine isiyojulikana sana kwetu, nayo ni ubingwa wa udaktari wa familia. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ndicho kilichotangulia kuufundisha humu nchini, mwaka 2005, na vyuo vingine vikafuata. Masomo haya ya uzamili huchukua miaka minne, na sehemu kubwa husomwa wodini, katika hospitali za mashambani. Mojawapo ya hospitali zilizotumika kwa mafunzo hayo ni Tenwek, karibu na mji wa Bomet, iliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1937 na kukua kutoka zahanati ndogo hadi kuwa hospitali kubwa ya kufundishia.

Wagonjwa wa nchi ya chai

Binti yetu alikwenda. Aliyemshawishi baba yake ni imamu wa mtaa wetu, na nitarudi kwake. Simu zake za mwanzo zilikuwa za kulia. Baridi ilimwingia mifupani, mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na bibi wa Kikipsigisi aliyemlaza wodini hakujua Kiswahili hata neno moja. Muuguzi ndiye aliyemfundisha kusema "Chamgei", nayo ni salamu yao. Alisema kwamba siku aliyoitamka kwa mara ya kwanza, yule bibi alimshika mkono asiuachilie.

Taratibu simu zikabadilika. Akaanza kutusimulia juu ya wachumaji chai wanaokuja na migongo iliyochoka, vijana waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda, watoto walioungua jikoni. Na alitusimulia juu ya maradhi ambayo hakuwahi kuyaona kwa wingi ule: saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni. Eneo la Bomet linajulikana na watafiti wa dunia kwa maradhi haya. Mwaka 2010 madaktari wa Tenwek na wenzao walichapisha habari za wagonjwa 109 wa saratani hiyo ambao umri wao haukuzidi miaka 30. Saratani hii kwa kawaida ni ya wazee, na sababu za kuwapata vijana wale bado zinachunguzwa.

Wagonjwa wengi wa namna hii hufika wakiwa wamechelewa. Huanza kwa ugali kukwama, kisha wali, kisha uji, na mwisho hata maji. Akipatikana daktari wa karibu anayeuliza, "Chakula kinakwama tangu lini?", na asiyeridhika na jibu la kwanza, huenda mtu akapelekwa kupimwa mapema. Hapo ndipo binti yetu alipoanza kuuona uzito wa daktari wa kwanza, yule anayekutana na mgonjwa kabla ya mabingwa wote.

Tuokote na faida ya nyumbani hapa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda vikachangia saratani ya umio. Chai yenyewe haina kosa, tahadhari ni ya umoto wake. Basi tuiache ipoe kidogo kabla ya kuinywa, nasi watu wa pwani tunaipenda ikiwa inafuka moshi.

Neno la imamu

Kaka yangu alikuwa na hoja zake, na si za kupuuzwa. Binti peke yake ugenini. Zamu za usiku. Wagonjwa wanaume. Swala zitakazomkuta chumba cha upasuaji. Imamu alizisikiliza zote, kisha akauliza swali moja: "Mke wako alipojifungua, ulimtaka daktari mwanamume au mwanamke?"

Kaka yangu akasema, "Mwanamke."

"Na huyo alikuwa binti wa nani?"

Ndipo akatukumbusha kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliuhesabu utabibu katika Ihyaa kuwa ni fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliojazana katika mijadala ya fiqhi ilhali miji mingine haikuwa na tabibu ila asiyekuwa Muislamu. Akamtaja pia Bi Rufaida al-Aslamiyya, aliyewauguza majeruhi hemani, Msikitini mwa Mtume, rehma na amani zimshukie. Sote tunataka mabibi zetu wasitiriwe kwa kutibiwa na wanawake wenzao. Atawatibu nani, ikiwa kila baba amemzuia wake?

Imamu hakuishia kwenye mawaidha. Aliwapigia simu jamaa anaowajua Kericho, akamtafutia binti nyumba ya kupanga kwa familia ya Kiislamu. Kuhusu swala, alimweleza ruhusa za kukusanya ambazo wanazuoni wamezitaja wakati wa dhiki, akamtaka aulize kila linapomtatiza. Wakuu wake hospitalini, wengi wao Wakristo, walimpa nafasi ya kuswali kila zamu ilipomruhusu.

Mfuko wa dawa za bibi

Mwaka ulipomalizika alirudi nyumbani kwa Idi, akatangaza kwamba anataka kusomea udaktari wa familia. Baba yake alivunjika moyo. "Miaka minne zaidi, kisha usiwe bingwa wa moyo wala wa macho? Ubingwa wa kila kitu ni ubingwa gani?"

Binti hakubishana. Alimuomba bibi yake amletee mfuko wake wa dawa, akazimwaga zote juu ya mkeka. Bibi ana sukari, ana presha, na magoti yanamsumbua, na kila maradhi yana kliniki yake. Katika lundo lile zilikuwamo dawa mbili za presha kutoka sehemu mbili tofauti, zenye majina tofauti kwenye pakiti, lakini dawa yenyewe ikiwa ni moja. Bibi alikuwa akizimeza zote mbili kila asubuhi kwa muda wa miezi, na kila asubuhi akilalamika kizunguzungu. Sisi tulidhani ni uzee.

"Kila daktari alitibu kipande chake," binti alisema. "Hakuna aliyemtazama bibi mzima."

Siku ya pili walikwenda naye kliniki, na daktari akaondoa moja. Kizunguzungu kikapungua.

Kaka yangu hajasema neno kubwa tangu siku ile. Lakini wiki iliyopita nilimkuta barazani, miwani puani, akisoma masharti ya kujiunga na uzamili. Aliniuliza kama najua bei ya sweta nzito la sufi, kwa kuwa, alisema, huko Bomet nako ni baridi.

Mwenyezi Mungu awafungulie mabinti zetu milango ya elimu yenye manufaa, na awahifadhi popote waendapo. Amin.