Mwimbaji wa Katikati ya Spika Mbili

Kaa mbele ya spika mbili zilizopangwa vizuri, uweke wimbo uliorekodiwa kwa stirio, kisha ufumbe macho. Sauti ya mwimbaji itatoka katikati, pale penye ukuta mtupu au juu ya televisheni, mahali pasipo na kifaa chochote cha kutoa sauti. Gitaa litasikika kushoto kidogo, tarumbeta kulia, ngoma kwa nyuma. Wanamuziki hao wote wamejengwa na ubongo wako kutokana na yale uliyoletewa na masikio mawili, na ujenzi huo unategemea sharti moja ambalo sebule nyingi hazilitimizi: sauti ya spika ya kushoto na ya kulia zikufikie kwa wakati mmoja.

Sebule zetu hupangwa kwa ajili ya wageni na televisheni. Spika moja husogezwa kupisha friji, nyingine hubaki ubavuni mwa kochi. Muziki ukisikika umeinamia upande mmoja, lawama huangukia amplifaya, na fedha hutoka kununua kubwa zaidi. Amplifaya mpya itauinamisha muziki uleule upande uleule, kwa nguvu zaidi. Kinachotakiwa kwanza ni futikamba.

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20, yaani sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde. Tuseme spika ya kushoto iko mita 2 kutoka kichwani mwako na ya kulia mita 2.5. Sauti ya kushoto itatangulia kwa takriban milisekunde 1.5. Kwa saa ya ukutani huo si muda kabisa, lakini kwa sikio ni muda mrefu mno.

Mwaka 1907 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza kwamba kwa sauti nzito masikio hutambua upande kwa kulinganisha wakati, na kwa sauti nyembamba hulinganisha ukubwa. Mtu akikuita kutoka kushoto kabisa, sauti yake hufika sikio la kushoto kabla ya la kulia kwa milisekunde 0.6 hadi 0.7. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote ambayo upana wa kichwa cha binadamu unaweza kuleta. Kwa hiyo spika iliyotangulia kwa milisekunde 1.5 imekwisha kupita mpaka huo mara mbili, na ubongo haubabaiki: unamhamishia mwimbaji mzima kwenye spika ya karibu.

Upande wa tofauti ndogo ndio unaostaajabisha zaidi. Katika majaribio ya maabara, msikilizaji aliyezoea hutambua tofauti ya maikrosekunde 10 kati ya masikio yake mawili. Ndani ya muda huo sauti husafiri milimita 3.4 tu. Msukumo mmoja wa umeme katika neva huchukua milisekunde moja hivi, mara 100 ya muda unaopimwa. Neva zinapima kitu chembamba kuliko zenyewe.

Zinawezaje? Mwaka 1948 Lloyd Jeffress wa Marekani alipendekeza jibu. Wazia watu wawili wanaoingia mtaa mmoja kutoka ncha mbili. Mahali wanapokutana panakuambia nani alitangulia kuondoka. Ndivyo ishara za masikio mawili zinavyokwenda kukutana ndani ya ubongo, kila moja ikipita neva zenye urefu tofauti, na seli inayopokea zote mbili kwa pamoja ndiyo inayotangaza upande. Miongo minne baadaye Catherine Carr na Masakazu Konishi waliukuta mpangilio wa namna hiyo katika ubongo wa bundi, ndege anayeweza kumkamata panya gizani kwa kumsikia tu. Kwa mamalia, tukiwemo sisi, wataalamu bado wanabishana kama njia ni hiyo hiyo, ila uwezo wenyewe hauna ubishi.

Aliyeugeuza uwezo huu kuwa stirio alikuwa mhandisi kijana wa kampuni ya EMI, Alan Blumlein. Filamu za sauti zilikuwa ngeni, na kilichomkera ni kwamba mwigizaji alivuka pazia lote la sinema huku sauti yake ikibaki imeganda kwenye spika moja. Desemba 1931, akiwa na umri wa miaka 28, aliwasilisha ombi la hataza lililoeleza takriban kila kitu kuhusu stirio: maikrofoni mbili, njia mbili za kurekodi ndani ya mfereji mmoja wa sahani ya santuri, na spika mbili za kusikilizia. Mwaka 1942 alikufa katika ajali ya ndege ya kivita aina ya Halifax iliyokuwa ikijaribu rada, miaka kumi na tano na zaidi kabla sahani za stirio hazijajaa madukani. Kila mwenye spika mbili nyumbani anadaiwa shukrani na mtu huyu, na jina lake linastahili kujulikana.

Blumlein alielewa jambo ambalo wengi huliruka. Ukitumia vipokea sauti vya kichwani, kila sikio husikia upande wake tu. Ukitumia spika, kila sikio husikia zote mbili, la kushoto likianza na ya kushoto na kupata ya kulia muda mfupi sana baadaye. Alionyesha kwamba mchanganyiko huo ndio unaoisaidia sauti iliyotofautiana kwa ukubwa tu kati ya spika mbili igeuke kuwa tofauti ya wakati masikioni. Hesabu hiyo inakubali pale tu msikilizaji anapokaa sawa kati ya spika. Akisogea, msingi wake unang'oka.

Na haitoshi kuongeza sauti ya spika ya mbali. Mwaka 1949, huko Göttingen, Ujerumani, Helmut Haas aliwasikilizisha watu maneno kutoka spika mbili, moja ikicheleweshwa. Katika uchelewesho wa kati ya milisekunde 5 na 30 hivi, ile iliyochelewa ilibidi iongezwe nguvu takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi, ndipo wasikilizaji waione iko sawa na iliyotangulia. Kitufe cha kusawazisha kushoto na kulia kinaweza kuficha kosa dogo la wakati, lakini mwimbaji anayepatikana hivyo huwa mnene, asiye na mipaka, kama ametandazwa ukutani.

Basi tuingie kazini. Kabla ya kupima, kagua waya. Ikiwa kwenye spika moja nyekundu imeshikizwa kwa nyeusi, besi hupotea na sauti ya katikati hutawanyika, na hakuna kipimo cha wakati kitakachoiponya. Ukiwa na hakika ya waya, chagua kiti cha kusikilizia, umwombe mtu ashike ncha ya futikamba kwenye uso wa spika, uvute hadi penye pua yako. Lengo ni pembetatu yenye pande tatu sawa. Katika pembetatu hiyo kuna kanuni moja nzuri: ukisogeza kichwa kando sentimita 10, tofauti ya safari za sauti nayo huwa sentimita 10 hivi. Kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaikia milimita. Kuegemea mkono wa kochi tu kunaleta makosa makubwa zaidi.

Kwa nyumba za kale za mawe za Lamu na Unguja, kipimo kimekwisha kuamuliwa na waliojenga. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki mita tatu. Weka spika kwenye ukuta mfupi, mita 1.8 au 2 kati yake, ukae umbali huohuo. Kuta za kushoto na kulia zinalingana, na ulinganifu huo ni mali kubwa.

Pale ambapo spika haziwezi kuhamishwa, ndipo umeme unaposaidia. Risiva nyingi za sinema ya nyumbani, na baadhi ya amplifaya za kisasa, huuliza umbali wa kila spika kisha huchelewesha iliyo karibu. Iliyo mbali haiwezi kuharakishwa. Ukiingiza kuchelewa kwa mkono, hakikisha umeuweka upande wa karibu: katika mfano wetu, kuuweka upande wa mbali hugeuza milisekunde 1.5 kuwa 3. Halafu punguza kidogo spika hiyohiyo ya karibu, kama desibeli 2, kwa kuwa ukaribu umeipa pia ukubwa. Joto la Dar es Salaam lisikusumbue. Hewa ya nyuzijoto 30 huharakisha sauti hadi mita 349 kwa sekunde, lakini huziharakisha zote mbili, na kwenye hesabu yetu kinachobadilika ni maikrosekunde 25 tu.

Wenye maikrofoni ya kupimia na kompyuta watapata usahihi zaidi, kwa tahadhari moja. Ukipima kushoto, kisha kulia, kompyuta huenda isijue kila sauti ilianza lini, na namba mbili zitakuwa hazilinganishiki. Programu kama Room EQ Wizard hulitatua hilo kwa kutoa mlio mfupi wa rejea kutoka spika ileile kila mara. Na spika mbili za bluetooth ambazo hazikutengenezwa kufanya kazi kwa jozi ziache kabisa: tofauti ya uchelewesho kati yake inaweza kuvuka milisekunde 100, na hapo sikio halisikii tena upande, linasikia mwangwi.

Kipimo cha mwisho ni sikio lenyewe. Cheza sauti ya mtu mmoja akizungumza, ileile kushoto na kulia. Ikisikika kama mdomo mmoja, mdogo, ulio mbele yako, umefika. Ikivutwa upande mmoja ingawa umbali ni sawa, tazama kuta: spika iliyobanwa kwenye ukuta wa saruji huku mwenzake akitazama mlango wazi hurudishiwa mawimbi ambayo mwenzake hayapati. Pazia zito au kabati la vitabu upande huo litafanya kazi ambayo rimoti haiwezi.

Kikwazo kimoja hakiondoki: kuchelewesha kwa umeme hunufaisha kiti kimoja, na aliye kwenye kiti cha pili anaweza kusikia vibaya kuliko mwanzo. Kwa familia inayosikiliza pamoja, mimi ningeacha uchelewesho, niweke spika kwa ulinganifu, kisha nizigeuze ndani sana hadi mielekeo yake ipishane mbele ya makochi. Aliyekaa kulia atakuwa karibu na spika ya kulia, lakini itakuwa imempa kisogo kidogo, ilhali ya kushoto inamwelekea. Spika hupunguza sauti nyembamba pembeni mwake, kwa hiyo sehemu ya kile ambacho ukaribu umeongeza, mwelekeo unakipunguza. Mwimbaji hatakuwa na ncha kali kama ile ya kiti kimoja, ila watu watatu watamsikia karibu na katikati.