Je, Wajua? Dar es Salaam, Mji Wanaoupita Tu

Mgeni akishuka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, mara nyingi swali lake la kwanza ni boti ya Zanzibar inaondoka saa ngapi. Anayekwenda Serengeti hata hilo haulizi. Anabadili ndege na kupaa. Vitabu vya watalii navyo huupa mji kurasa chache za tahadhari: joto, foleni, angalia pochi yako. Na sisi wenyewe hatujambo kwa kuuponda. Wa Moshi atakutajia baridi ya kwao, wa Tanga atakutajia utulivu, wa Mwanza atakutajia ziwa na sato. Ukiwauliza mbona basi hawarudi, wanacheka.

Shtaka kubwa ni kwamba Dar es Salaam ni mji wa kupita. Nalikubali shtaka lenyewe. Ila tuwatazame basi hao waliopita, na walivyoviacha nyuma.

Je, wajua kwamba mji huu nusura ufe ukiwa mchanga? Katikati ya miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipapenda mahali hapa, jirani na kijiji cha Mzizima, kwa sababu ya ghuba yake: mdomo mwembamba, ndani maji ya kina yaliyotulia. Akaanza kujenga. Mwaka 1870 akafariki, na ndugu yake Barghash, aliyerithi kiti, hakuwa na haja na mradi wa marehemu. Majengo yakaachwa yachakae. Ukapita muda mrefu hadi Wajerumani walipofika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Boma la Kale, moja ya majengo ya enzi ya Majid, lingali limesimama mbele ya bandari. Maelfu hulipita kila siku wakikimbilia boti.

Hadithi ya bandari ina kipande ambacho hata wenyeji wengi hawakijui. Wajerumani walijenga Reli ya Kati kuanzia 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na vita ikaanza mwaka huohuo. Walioshinda waligawana: Uingereza ikachukua Tanganyika, Ubelgiji ikachukua Rwanda na Urundi, juu ya Kongo iliyokuwa nayo tayari. Wabelgiji wakabaki na tatizo: mali ipo, bahari iko mbali. Ndipo mwaka 1921 Uingereza ikawakodisha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na nyingine Kigoma, mizigo yao ipite bila ushuru wa forodha. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa mkataba: milele.

Milele hiyo ikakutana na Mwalimu. Mwishoni mwa 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Nyerere alilieleza Bunge kwamba mkoloni hana uwezo wa kuifunga nchi huru kwa ahadi isiyokuwa na mwisho. Papo hapo akatoa msimamo mpana zaidi: mikataba ya nchi mbili iliyowekwa na Mwingereza itaendelea kwa miaka miwili tu, ichunguzwe, na usiokubaliwa upya ufe. Leo msimamo huo unafundishwa katika vyuo vya sheria duniani kwa jina la Nyerere, na nchi kadhaa zilizopata uhuru baadaye, Kenya na Uganda zikiwamo, zilifuata njia inayofanana na hiyo. Mwanafunzi wa sheria anayeukariri huko aliko huenda hajui kwamba sehemu ya chanzo chake ni gati za Dar es Salaam na kodi ya faranga moja.

Mchoyo wa muda anaweza kutembea kwa miguu kutoka bandarini hadi Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Maktaba. Kila mtu ameiona, wengi wameitumia kuelekezana njia. Ilizinduliwa mwaka 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mchongaji ni James Alexander Stevenson, na maneno ya Kiingereza yaliyochorwa chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Kabla ya hapo mji ulikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyeongoza vita dhidi ya watu wa pwani. Waingereza waliing'oa. Ikasafiri hadi Hamburg, ikasimamishwa chuoni, na huko wanafunzi wa Kijerumani wenyewe wakaiangusha mwaka 1968. Sisi tukabaki na askari asiye na jina, ameshika bunduki yake katikati ya foleni, na kwa maoni yangu tulipata faida katika mabadilishano hayo.

Je, wajua mkazi mzee kuliko wote wa mji huu? Ana umri wa takriban miaka 1,750,000 na anaishi Mtaa wa Shaaban Robert. Ni fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, likarudishwa nchini mwaka 1965, na linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Naye, kama walio wengi hapa, ni mtu wa kuja kutoka mikoani.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili nayo ina mizizi kwa mpita njia. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismaili aliyetajirika Bagamoyo kwa biashara ya misafara, alitoa fedha katika miaka ya 1890 ili Dar es Salaam ipate hospitali ya kutibu watu wa rangi zote, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa inawajengea Wazungu yao kando ya bahari. Mwenyewe alifariki mwaka 1897. Jina lake lingali Muhimbili, kwenye jengo la Sewa Haji, ambalo waliouguza ndugu zao wanalijua vizuri kuliko wanavyotamani.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kuutetea mji kwa hoja moja tu, ningechagua miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Nchi huru za Afrika ziliweka Kamati ya Ukombozi hapa mwaka 1963. FRELIMO ilikuwa tayari imezaliwa hapa, tarehe 25 Juni 1962. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Zimbabwe, Namibia na Angola walikuwa na ofisi, nyumba za kupanga na madeni madukani. Malcolm X alifika Oktoba 1964 na kuonana na Nyerere. Che Guevara, baada ya kushindwa vita mashariki ya Kongo na kuvuka Ziwa Tanganyika usiku, alijificha katika ubalozi wa Kuba mjini hapa mwishoni mwa 1965 na mwanzoni mwa 1966. Hapo ndipo alipoandika kumbukumbu zake za Kongo, ambazo zinaanza kwa kukiri kwamba ni historia ya kushindwa. Hakukuwa na mkazi wa kawaida aliyejua kwamba mtu anayetafutwa na majasusi wa dunia nzima yuko mitaa michache kutoka kwake.

Siyo yote yalikuwa mikutano na hotuba. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilicholetwa kama kitabu, kikalipuka. Aliuawa Oyster Bay, kwenye nyumba iliyotazamana na bahari.

Kule Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kinachemka. Yoweri Museveni alisoma hapo, John Garang alipita hapo, na Walter Rodney, kijana wa Guyana, alikuwa mwalimu wa historia. Kitabu chake maarufu kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, na mmoja wa wachapishaji wake wawili alikuwa Tanzania Publishing House, shirika la umma la mjini hapa. Miji mingapi mikubwa inaweza kusema kitabu kilichobadili fikra za bara zima kiliandikwa na kuchapishwa kwake? Juni 1974 chuo hichohicho kikawa mwenyeji wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, la kwanza la mfululizo huo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Ukumbi wa Nkrumah uliotumika unaujua hata kama hujafika: ulikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, iliyoondolewa kwenye mzunguko mwaka 2025.

Wasomi walikuwa Mlimani. Huku chini mjini, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, alikuwa anatafuta riziki. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli, maana ndizo alizozimudu, na kuuza picha hizo kwa wapita njia nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Lakini alikuwa ameshawafundisha jamaa na rafiki zake, nao wakafundisha wengine, na ushirika wenye jina lake upo hadi leo jirani na palepale alipokuwa akiuza. Wapo wanaodharau picha hizo kuwa ni za watalii. Sawa; lakini taja mchoraji mwingine wa Afrika Mashariki ambaye jina lake limegeuka kuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Remmy Ongala alikuja kutoka Kongo mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy. Angeweza kuendelea na safari, kama wenzake wengi walioelekea Nairobi. Akabaki, akaongoza Super Matimila, akaimba juu ya kifo, umaskini na ukimwi kwa maneno ambayo redio ya taifa ilisita kuyarusha. Alifariki Desemba 2010. Konda wa daladala bado anamtaja mara kadhaa kwa siku: kituo kilicho karibu na alipoishi Sinza kinaitwa Kwa Remmy. Kuna barabara zenye majina ya marais, zina vibao na sherehe za uzinduzi. Hiki kimepewa jina na abiria.

Ya haraka haraka. Je, wajua kwamba kunguru wa kijivu shingoni, wale wezi wa maandazi, asili yao ni India? Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe takataka, wakavuka bahari wenyewe. Wajua kwamba Soko la Kariakoo la zege, lenye paa la miavuli iliyopinduliwa kukinga maji ya mvua, lilisanifiwa miaka ya 1970 na Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika ukanda huu? Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, na siku hizo hata wasiowahi kulitazama juu walianza kulisifu. Na wajua kwamba mabasi ya mwendokasi, tunayoyatukana tukiwa tumebanwa mlangoni Kimara saa moja asubuhi, yaliipatia Dar es Salaam Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ya kwanza kwenda kwa mji wa Afrika? Waamuzi, nadhani, hawakupanda saa moja asubuhi.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 mjini hapa. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima, karibu mara 20. Takwimu hizo kwa kawaida hutumika kutisha: maji hayatoshi, mitaro imeziba, Jangwani panafurika. Yote kweli. Lakini watu hao hawakuburutwa. Mji uliwapokea bila kuwauliza kabila, na siku hizi ndio kiwanda kikubwa cha lugha tunayoisema sote, kuanzia mzaha wa kijiweni hadi singeli, muziki wa Manzese na Tandale unaokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Wazee waliudharau kuwa kelele za vigodoro. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ilitoa mkusanyiko wake, na vijana wa uswahilini wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Sasa, kama una siku mbili kabla ya safari yako, usizimalize hotelini. Asubuhi nenda Feri, mnada wa samaki unapoanza, uvae viatu usivyovionea huruma. Panda pantoni kwenda Kigamboni, hata kama huna shughuli kule. Daraja lipo tangu 2016, ila halina harufu ya bahari wala wauza karanga. Mchana kaa kivulini, mji huu hauna haya ya kupumzika jua likiwa kali. Jioni kula muhogo wa Coco Beach wenye chumvi na pilipili, au umtafute muuza pweza mwenye meza ndogo na taa barabarani Magomeni: vipande kwa kijiti, kikombe cha supu, na mjadala wa Simba na Yanga ambao utaulizwa upande wako kabla hujameza. Beba hela ndogondogo. Ukimpa noti ya elfu kumi, atakuacha usimamie meza wakati yeye anazunguka mtaa mzima kutafuta chenji.