Silabusi ya kule si silabusi ya kwetu

Mtoto wa dada yangu alipopata burse ya kwenda kusoma masta ya madini kule Marekani, ukoo mzima hapa Kolwezi ulichanga. Pesa ya kitemo cha mama yake ilikwisha yote kwa visa na tikiti ya ndege. Mimi ni delege wa sendika, nilipita hata kwa wandugu wa kazi, kila mmoja akatoa kidogo. Siku alipopanda ndege tulifikiri mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

Wiki ya kwanza akanipigia kwa WhatsApp, sauti iko chini.

«Mjomba, nimezunguka fasi yote, sijaona kwenye wanauzisha silabusi.»

Ndugu msomaji, wewe mwenye umesoma chuo huku kwetu unajua silabusi ni nini. Ni kile kitabu cha fotokopi chenye unanunua kwa prof ao kwa asistanti wake. Usiponunua, jina lako halimo kwenye orodha, na siku ya mtihani moyo unapiga. Kule neno ni lile lile, lakini kitu ni kingine. Silabusi ya kule ni karatasi chache tu, wanakupa bure mwanzo wa somo: siku za kukutana, kazi za kufanya, namna pointi zinahesabiwa, na vitabu vya kusoma. Na hivyo vitabu viko mafungu mawili: vya lazima, na vya kuongeza maarifa kwa mwenye anataka.

Kijana hakujua. Aliona ni kama kwetu, mwenye hanunui ni adui wa prof. Akanunua vyote vinne vya somo moja, vipya, kwenye duka la chuo: dolari 430. Mwezi ule alikula mkate na mayai. Nyuma yake prof mwenyewe akamwambia cha lazima ni kimoja, na hicho kiko maktabani.

Masomo si mashindano

Kosa la pili lilikuwa hesabu ya masomo. Huku tumezoea orodha imeshapangwa, wewe unaingia tu. Kule, ukitoa yale machache ya lazima, unachagua mwenyewe. Somo moja kwa kawaida ni kredi 3, na kwa masta vyuo vingi vinahesabu kredi 9, ni kusema masomo 3, kuwa mzigo kamili wa muhula. Yeye alichukua 5, juu alitaka kumaliza mbio ili asitusumbue tena na pesa. Wiki ya pili alikuwa halali tena. Saa 3 za darasani kwa wiki zinaonekana kidogo, lakini nyuma ya kila somo kuna saa 6 ao 9 za kusoma na kuandika. Na vyuo vingi vinadai mwanafunzi wa masta abaki na wastani wa B. Ukishuka, hata burse inaweza kwenda.

Kwa woga akataka kuacha masomo matatu siku moja. Nikamwambia: «Usiguse kitu mbele ya kuuliza.» Sisi watu wa sendika tumeona wengi wametia sahihi kwenye kontra bila kusoma, kisha wanakuja kulia kwetu. Akaenda ofisi ya wanafunzi wageni. Kule wakamweleza: visa ya mwanafunzi inadai mzigo kamili. Akibaki na masomo mawili bila ruhusa yao, anapoteza haki ya kukaa katika nchi. Tena siku za kubadilisha masomo bila kuacha alama kwenye karatasi ya matokeo ni chache, mara nyingi wiki moja ao mbili za mwanzo. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Akaacha mawili, akabaki na matatu.

Ndipo tukaongea vizuri: yapi matatu? Alikuwa ameweka somo la fedha za migodi, juu wenzake walisema linaleta kazi nzuri. Lakini nyumbani kwa mama yake watu wanalima bustani chini ya bwawa la mabaki ya mgodi. Aliuliza prof anayemwongoza, akauliza na wanafunzi wa mwaka wa pili. Wakamwambia somo la maji na matope ya machimbo halifundishwi kila mwaka, lile la fedha linarudi kila muhula. Akachagua maji.

Kitabu kimoja, bei mbili

Kwa vitabu sasa amejifunza. Kwanza anauliza prof kama toleo la zamani linafaa. Mara nyingi lipya limebadilisha namba za mazoezi na kurasa chache tu. Lile la dolari 190 alilipata la zamani kwa dolari 22. Anatafuta kwa ISBN, zile namba 13 za nyuma ya kitabu, asidanganywe na jina. Kitabu kinene kama SME Mining Engineering Handbook, toleo la 2011 lenye juzuu mbili, anasomea maktabani. Kisipokuwapo, maktaba inaomba kwa maktaba nyingine. Na kama somo linadai kodi ya kuingia kwenye intaneti, aangalie: ya kitabu kilichotumika inaweza kuwa imekwisha kazi.

Hii ya bei mbili si hadithi. Supap Kirtsaeng, kijana wa Thailand aliyekwenda kusoma Marekani, aliona vitabu vile vile ni rahisi kwao. Jamaa zake wakamtumia, akauzisha. Kampuni ya John Wiley & Sons ikamshitaki, akaamriwa kulipa dolari 600.000. Hakuacha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki, majaji 6 kwa 3: kitabu kilichonunuliwa kwa halali nje ya nchi, mwenye nacho anaweza kukiuzisha.

Wazazi, mtoto akiondoka msimpe tikiti peke yake. Mwambieni kuuliza si aibu. Wa kwetu sasa anaweka vitabu vyake vinne kwa Mkongomani atakayefika nyuma yake. Dolari 430 zimekwenda, lakini hazitalipwa mara ya pili.