Maelezo Yanayosomwa na Mashine

Programu kubwa ya kisayansi, kama ile inayokokotoa mgongano wa mashimo meusi mawili, hujengwa kwa vijenzi, yaani vipande vya programu ambavyo kila kimoja kina kazi yake mahususi, na vijenzi hivyo hukutanishwa ndani ya kiunzi, ambacho ni programu ya msingi inayoviunganisha na kuvipangia zamu. Kwa kuwa aliyeandika kijenzi kimoja huenda asionane kamwe na aliyeandika kingine, kila kijenzi hakina budi kuja na maelezo yake: kinahitaji nini, kinatoa nini na kifanye kazi lini.

Mfano ulio bayana ni Cactus, kiunzi kilichotengenezwa katika miaka ya 1990 huko Potsdam, Ujerumani, katika taasisi ya Max Planck inayochunguza nguvu ya mvutano, ili kutatua milinganyo ya Einstein kwa kompyuta. Kiini chake huitwa nyama, nacho hakifanyi hesabu yoyote ya kifizikia. Kazi hiyo ni ya vijenzi, vinavyoitwa miiba, na kila mwiba hubeba mafaili mafupi ya maelezo. Moja hutangaza vigeu, yaani majina ya data kama msongamano au kasi, na huduma ambayo mwiba unatoa. Mwiba unaohitaji huduma hiyo huitaja kwa jina la huduma, si kwa jina la mwiba unaoitoa, na kwa hiyo mtafiti anaweza kuondoa mwiba mmoja na kuweka mwingine bila kugusa mingine iliyobaki. Faili jingine ni ratiba, ambamo huelezwa kazi ipi itangulie ipi.

La parameta, yaani thamani anazochagua mtumiaji, ndilo linaloonyesha vizuri zaidi faida ya utaratibu huu. Kwa parameta ya tungamo la shimo jeusi, mwandishi huandika aina yake, ambayo ni namba halisi, sentensi moja ya ufafanuzi, mipaka inayokubalika, tuseme kuanzia 0 na kuendelea, na thamani itakayotumika mtumiaji asipoweka yake. Mtumiaji akiweka -3, kiini hukataa na kusimamisha kazi mwanzoni kabisa, kabla kompyuta kuu haijateketeza saa nyingi na umeme bure.

Hata hivyo, ile sentensi ya ufafanuzi, ambamo kipimo cha namba huelezwa, husomwa na binadamu tu, na binadamu hupitiwa. Chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa msukumo kwa kipimo cha paundi na sekunde, ilhali iliyoupokea ilitarajia nyutoni na sekunde, tofauti ya takriban mara 4.45. Hati iliyotaka nyutoni ilikuwapo. Kilichokosekana ni programu ya kulinganisha hati hiyo na namba zenyewe. Wanasayansi wa tabianchi wameliziba pengo hili kwa sehemu, kwani kanuni zao za data, zijulikanazo kama CF, hutaka kigeu chenye kipimo kikibebe ndani ya faili lenyewe, kwa mfano kelvini kwa joto la uso wa bahari, ambapo programu yoyote inaweza kukikagua. Waandishi wa vijenzi vya fani nyingine wanapaswa kufanya vivyo hivyo.