Fahamu: Kwa nini mtu mpole hufurahia gemu za vita

Kijana anayegeuza uso akiona damu ya ajali barabarani anaweza kukesha akifyatua risasi kwenye gemu ya vita ya Call of Duty. Huo si unafiki. Anajua fika kwamba kwenye kioo hakuna anayeumia: aliyeuawa hurudi baada ya sekunde chache na mechi inaendelea.

Basi kinachomnogea ni nini? Mwaka 2009 watafiti Andrew Przybylski, Richard Ryan na Scott Rigby walichapisha tafiti zilizoonyesha kuwa raha ya gemu hutokana zaidi na kujiona unaweza na kuwa huru kuamua. Kuongeza damu hakukuongeza raha kwa kiasi cha maana. Mtazame mchezaji kwa karibu: analenga, anajibanza ukutani, anahesabu risasi zilizobaki, anamwita mwenzake amlinde. Akili yote iko kwenye kushinda.

Tusifumbe macho, lakini. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema gemu hizi zina uhusiano mdogo na ukali kama kufoka na kusukumana, ila ushahidi wa kuzihusisha na mauaji hautoshi.

Ndiyo maana wanasiasa wa Marekani wanapozinyooshea kidole gemu baada ya shambulio la risasi, naona wanakwepa kuzungumzia bunduki. Japani gemu zimejaa, na mauaji ya bunduki ni nadra mno.

Mzazi naye asome alama ya umri kwenye kasha la gemu. Grand Theft Auto V, kwa mfano, Ulaya ni ya miaka 18.